Kimea cha Dada Konsolata

Sisi tuliokulia milimani juu ya Mlali hatukuijua soda mpaka tulipokuwa wakubwa. Tulikunywa togwa. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umekaa migombani, tulipewa ile iliyolala mtungini, ya baridi, ukiimeza unaisikia inavyoshuka. Jioni tukirudi kuteleza mteremkoni juu ya magome ya mgomba, makalio yamechubuka na midomo imekuwa myeusi kwa forosadi, tulisukumana kugombea kata. Watoto wa siku hizi ukiwapa togwa wanauliza kama ina barafu, kisha wanaomba ile ya kopo inayowafanya wasilale.

Togwa haitaki kubahatisha. Unapika uji mzito wa mahindi, unauepua, unasubiri uwe vuguvugu, ndipo unatia kimea, yaani unga wa ulezi ulioloweshwa ukaota, ukaanikwa na kusagwa. Uji ukiwa wa moto mno, kimea kinaungua na kazi yote imekwenda bure. Ukiwa sawa, ule uji mzito unalegea wenyewe polepole, unakuwa mwepesi na mtamu bila sukari.

Bibi yetu mzaa mama alikuwa na sharti lake. Kimea kilitiwa na mkono mmoja tu, na mwenye mkono huo asiwe na kinyongo na mtu. "Kimea kinasikia," alikuwa akisema. Togwa ikiharibika hakuuliza habari za moto. Alikuuliza una nini na nani.

Mkono alioutaka bibi ulikuwa wa dada yangu Konsolata, aliyenitangulia kwa miaka miwili. Konso alipochovya kidole kupima joto, bibi alimtazama kwa namna ambayo mimi sikuwahi kutazamwa. Mimi nilichota maji, nilisaga ulezi, nilipuliza moto mpaka macho yakawa mekundu, lakini kikapu cha kimea sikukigusa. Siku moja nilimwambia, "Bibi, na mimi naweza."

Hakugeuka. "Wewe bado unanung'unika."

Alisema kweli. Nilikuwa nanung'unika hata usingizini.

Basi ukafika msimu wa maharage, na majirani walikuwa waje kesho yake kulima shamba la bibi kwa ujima. Ukilimiwa hivyo, heshima yako yote iko kwenye togwa utakayowapa. Alasiri Konso alitia kimea kwenye vyungu viwili, akavifunika kwa majani ya mgomba, akaenda mtoni. Bibi alikuwa bondeni anachuma mboga. Nilibaki jikoni peke yangu. Nilichota makaa kwa kigae, nikayapanga kuzunguka vyungu vyote viwili, nikakaa nayapuliza. Nilipoona mvuke unatoka chini ya majani, nikayarudisha mafigani na kufagia majivu. Sikutetemeka. Naandika hivyo kwa sababu wengi wakisimulia makosa yao ya utotoni husema walitetemeka.

Kesho yake jua lilipopanda watu wakaacha majembe, wakaja kunywa. Uji ulikuwa mzito vilevile, hauna utamu wowote. Mjomba Tomasi, kaka yake mama, alikipindua kibuyu chake, na hakuna kilichodondoka.

"Mama, leo umetupa ugali wa kunywa," akasema. "Tuletee na mboga basi."

"Na maji ya kunawa," akadakia mama mmoja, na shamba zima likacheka.

Bibi hakucheka. Alimwita Konso mbele ya watu wote.

"Una kinyongo na nani?"

"Sina, bibi."

"Kimea kimesema unacho."

Konso akalia. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, na nilifurahi.

Kikapu kikaja kwangu. Togwa yangu ya kwanza niliipika nikiwa na wivu na uongo tele moyoni, na ilitoka tamu, watu wakarudia kata ya pili na ya tatu. Hapo nikajua kwamba sharti la bibi halikuwa na ukweli, kwamba kimea kinasikia joto, basi. Sikuweza kumwambia mtu, maana ningeulizwa nimejuaje.

Lakini kikapu kilikuwa na kazi zake. Kukiwa na ujima, arusi, mwali anatolewa nje au msiba, bibi alinizuia nisiende shule. Darasa la saba nilimaliza kwa shida, na kusoma kwangu kukaishia hapo. Konso, ambaye sasa hakuhitajika jikoni, alikaa mtoni na daftari zake. Alifaulu, akaenda shule ya bweni, akawa mwalimu kule Kingolwira. Alipokuja likizo na viatu vyeusi vya kamba, nilimpokea mzigo huku nikivitazama vile viatu. Nilikuwa nimemnyang'anya kikapu, kisha nikamwonea wivu kwa alichokipata baada ya kukikosa. Nimekaa na wivu wa namna hiyo miaka mingi, na haujapungua kwa kuwa amekufa.

Alifariki mwaka huu, baada ya masika. Siku moja kabla ya misa ya arobaini nilikuwa jikoni kwake na binti yake Anjela, tunaandaa vinywaji vya wageni.

"Mama mdogo, afadhali umekuja wewe," Anjela akasema. "Mama hakuwahi kutupikia togwa hata mara moja. Alikuwa anaogopa."

"Anaogopa nini?"

"Mkono wake. Alisema ana kinyongo moyoni na hakijui ni cha nani. Bibi yenu alimwambia. Alikuwa akikiungama kanisani, kila akienda ni hichohicho, mpaka padri akamwambia, mwalimu, sasa inatosha. Sisi tulikuwa tunamcheka."

Nikamwambia. Nilimweleza kuanzia makaa mpaka majivu, bila kupunguza.

"Mlikula Pasaka pamoja hapa," Anjela akasema.

"Tulikula."

"Ungemwambia, mama mdogo."

"Ningemwambia."

Hakunitukana. Alitoka nje, akaenda kukaa na shangazi zake, na hakurudi jikoni mpaka togwa ilipokuwa tayari. Kesho yake wageni waliisifu sana.

Enzi zetu tulilelewa tusiseme. Mtoto aliyetamka kwamba fulani anapendwa kuliko yeye alipigwa kofi, na mama akaongeza, "Nenda kasahau hayo." Tukaenda. Hatukusahau, tulinyamaza tu, na wakubwa wakaona tumelelewa vizuri. Vijana wa leo huwa nawasema kwamba hawana haya. Wanagombana kwenye simu asubuhi, ukoo mzima unasoma, na mchana wanakula sahani moja.

Juzi nilimpa mjukuu wangu mkubwa kipande cha muwa kabla ya mdogo. Mdogo ana miaka saba. Akasimama mbele yangu, mikono kiunoni, akasema, "Bibi, wewe unampenda yeye kuliko mimi." Mkono wangu ulikuwa tayari umeinuka kumpiga. Nikaushusha, nikabaki namtazama, na nilimwonea wivu.