Kifuu cha Mwenye Pumu

Kila Ijumaa baada ya sala, dresa, msaidizi wa tabibu, aliyetumwa na chama cha madaktari, husimama sokoni Kariakoo, kaptura ya kaki imepigwa pasi hadi ikakakamaa, kengele mkononi, sauti kama ya dalali: "Pumu haiambukizi, jamani!" Watu humwitikia "ewaa", wakapita. Hakasiriki. Hujifuta jasho shingoni kwa kiganja, akaanza upya. Mwinyimvua, fundi cherehani mwenye pumu, humsikiliza akiwa barazani kwa muuza kahawa, ambako wenzake hunywa kwa vikombe vya pamoja, naye hutiliwa kwenye kifuu chake peke yake. Ijumaa moja dresa alikiona kile kifuu, akakatiza maneno yake, akaja moja kwa moja.

"Shikamoo, mzee. Nionjeshe kahawa yako."

"Marahaba, mwanangu. Lakini hiki cha mgonjwa."

"Ndicho nikitakacho."

Akanywa mpaka tone la mwisho, baraza zima likimkodolea macho, kisha akakikumbatia kifuu kifuani. "Kuanzia leo hiki changu. Mzee mtilieni kikombeni."

Muuza kahawa akasita, akasuuza kikombe, akatia. Mwinyimvua alikipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa chepesi kuliko alivyokumbuka.