Nasriya na Karata za Hivi Hivi

Nasriya binti Khalfan alikuwa mkaguzi wa mizani serikalini mpaka alipostaafu. Kazi yake ilikuwa kuingia soko la mboga la Mawaleh, siku hizo soko bado liko pale, kuweka vyuma vyake juu ya mizani ya muuza vitunguu, kutazama, na kusema. Akisema mizani inapunja, basi inapunja. Hakupandisha sauti, hakubishana, wala hakunywa chai ya mtu. Wauzaji walimheshimu kama wanavyoiheshimu mashine ya eksirei.

Alipostaafu alikaa nyumbani kwake Wattaya, akawa anamkagua mumewe. Saeed alivumilia kwa muda, kisha akamwomba kwa adabu atafute shughuli nyingine. Ndipo Hind, rafiki yake tangu skuli, alipomwita kwenye karata za poka.

Poka hiyo ilichezwa nyumbani kwa Hind, Mawaleh, Jumamosi moja kila mwezi baada ya sala ya alasiri. Walikuwa wanawake wachache, wengi wao wazee wao walitoka Unguja, Kiswahili ndicho cha barazani na Kiarabu kikiingia katikati bila kupiga hodi. Pesa hazikuwemo. Hind alishasema mwanzo kabisa kwamba hata sarafu ya baisa moja ikitua mezani pake, meza ile itakwenda kutupwa. Walichezea vifungo vya nguo, kutoka kopo la biskuti la marehemu mama yake, aliyekuwa akishona. Mshindi hakupewa kitu. Lakini wa kwanza kuishiwa vifungo ndiye aliyewapikia wenzake mwezi unaofuata.

Sharti hilo ndilo lililomfanya Nasriya acheze alivyokuwa akicheza. Katika poka kila mtu hupewa karata mbili za siri, na katikati ya meza hufunuliwa nyingine za wote. Kila hatua mtu huweka vifungo, au huzitupa karata zake akangoja mchezo mwingine; wote wakitupa, aliyebaki huvichukua vifungo. Nasriya alitupa. Alitupa tisa na saba, alitupa mfalme akiwa na mwenzake mdogo, alitupa hata ree, karata kubwa kuliko zote, ikiwa haikumridhisha. Alingoja karata za uhakika, nazo huja mara mojamoja. Kwa hivyo hakuwahi kutoka wa kwanza, wala hakuwahi kushinda.

Sababu ni kwamba hakujua kupika. Mpishi wa nyumba ile alikuwa Saeed. Nasriya hakuwahi kumficha mtu jambo hilo. Hakuna aliyemuuliza.

Siku moja aliinuka mezani kwenda kuchukua maji, akamsikia Hind jikoni anazungumza na binti yake Reem, aliyewafundisha wote mchezo huo aliporudi kutoka chuoni.

"Nasriya akiweka kifungo, we tupa tu," Hind alisema. "Yule hawezi kudanganya. Mie nikimwona anaweka, karata zangu hata sizitazami."

"Ndo maana hashindi, mama," Reem akajibu. "Akipata nzuri sote tunakimbia."

Nasriya alirudi na kiu yake. Hakukasirika. Ila neno lile, hawezi, alirudi nalo nyumbani Wattaya na akalala nalo.

Mwezi uliofuata alifika mapema, akamkuta Reem anahesabu vifungo.

"Mwanangu, mtu akitaka kuwatisha wenziwe na karata za hivi hivi, awatishe wakati gani?"

"Mapema, khalati. Mwanzoni kila mmoja anaogopa kutoka wa kwanza, hataki kupika. Baadaye vifungo vya lazima vya kuanzia mchezo vinapanda, watu wanachoka, wanakufuata tu potelea mbali."

"Na ukikamatwa?"

"Unapika." Reem akamtazama. "Kwani vipi?"

"Nauliza."

Siku hiyo Reem hakucheza, aligawa karata. Nasriya alipewa saba na tisa za shupaza. Aliweka vifungo vitano vyeupe, vile vikubwa vya makoti. Hind alitupa zamu yake haijafika. Muhsina, jirani mnene wa mtaa wa nyuma, alisema, "Mashaallah, keshapata huyo," naye akatupa. Wengine wakafuata. Nasriya akavuta vifungo upande wake kwa uso uleule wa sokoni. Ndani moyo ulimwenda mbio kama wa mwizi, na kilichomshangaza ni kwamba hakuchukia.

Akarudia na mfalme na tatu. Wakatupa. Akarudia na karata ambazo hata yeye zilimtia aibu. Wakatupa.

"Leo karata zinampenda," Hind alisema.

Nasriya alikula katlesi mbili. Alikuwa na njaa ambayo hakuijua tangu ujana.

Pale mezani palikuwa na mgeni, Zakiya, mwanamke ambaye watu wake walitoka Tabora na ambaye alihamia mtaa ule juzi tu. Kila mara aliuliza karata ipi inaishinda ipi, akiambiwa anashukuru, na kwa njia hiyo alikuwa amejikusanyia kilima cha vifungo. Nasriya alikitazama kile kilima. Mkononi alikuwa na karata ya kumi na ya sita. Mezani palikuwa na ree mbili na tisa moja. Alisukuma vifungo vyake vyote katikati.

Wote walitupa isipokuwa Zakiya.

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Tupa, shoga," Hind akamwambia. "Huyu hasemi uongo."

"Sawa, dada. Lakini mimi simjui."

Zakiya akalipa, akafunua tisa mbili, zikawa tatu na ile ya mezani. Nasriya akafunua zake. Karata zilizobaki zilifunuliwa na hazikumsaidia. Alikuwa amemzidi Zakiya vifungo viwili tu, hivyo ndivyo alivyobakiwa navyo, navyo vikaenda katika mchezo uliofuata, akawa wa kwanza kuishiwa.

Hind alikuwa bado anaitazama ile sita. "Nasriya. Umetudanganya?"

"Nimecheza."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu mwanzo."

Pakazuka makelele. Muhsina alisema mchezo wa kwanza yeye alitupa wafalme wawili, wallahi wawili, akataka arudishiwe. Hind hakupiga kelele, na hilo lilimuuma Nasriya zaidi.

"Miaka yote hii nakuamini."

"Niamini vivyo hivyo," Nasriya akasema. "Isipokuwa hapa mezani."

Hind akafikiri, akaiminya midomo, kisha akaanza kucheka mpaka akafuta macho kwa mtandio.

Nyumbani Saeed alisema, "Nitapika mie, we utabeba sufuria. Nani atajua?"

"Hapana. Huo sasa ni uongo."

Saeed aliona tofauti hiyo ni nyembamba, lakini akakaa kwenye kiti jikoni akamwelekeza. Nasriya alipima mchele, maji, bizari na chumvi, kila kitu sawasawa kwa gramu, na pilau ikatoka mbichi juu na imeungua chini. Aliipeleka Mawaleh hivyo hivyo.

"Sijui kupika," aliwaambia alipofunua. "Hii ndiyo ya kwanza."

Walikula bila kukunja uso.

"Imekolea bizari," Hind alisema.

Nasriya akamtazama.

"Haya, imeungua," Hind akasema, na Reem akatumwa mishkaki.

Tangu hapo mambo yalibadilika mezani. Nasriya akiweka vifungo, hawakimbii tena. Wanamfuata kwa hasira, Hind mbele, na siku anazokuwa na karata kweli wanamlipa vizuri sana. Ameshinda mara kadhaa. Amepika mara nyingi zaidi, maana karata za hivi hivi hakuziacha. Saeed anaendelea kumwelekeza kutoka kwenye kiti, na mwezi uliopita Muhsina aliomba aongezewe pilau, akaongezewa.