Keki ya Mama Mkwe

Melania Masele anashona ovaroli za wachimbaji pale Bugarama. Amewahi kumfukuza mlevi dukani kwa mkasi. Lakini harusi yake ilipokaribia, alianza kuogopa kipande cha keki.

Nimekaa kwenye harusi za lugha nyingi, na kila mahali kuna jambo ambalo wageni hulifurahia na wenyewe hulitetemekea. Kwa ukoo wa Melania, Wasukuma wa Ngokolo wenye asili ya vijiji vya upande wa Mwadui, jambo hilo ni mkwe. Mama hali mbele ya mume wa binti yake, hamshiki mkono, hamtazami usoni. Wakikutana njiani, mmoja hukwepa. Si chuki; ndiyo heshima yenyewe. Harusi za ukumbini nazo zina desturi yao: maharusi huwalisha wazazi keki mdomoni, huku kamera zikimulika.

Mwaka jana dada yake, Sesilia, aliolewa Kahama. Mshereheshaji alipaza sauti, "Mama mkwe wetu, fungua mdomo!" Mama yao, Mbuke, akasukumwa na vigelegele mpaka mbele ya mkwe. Keki ikamgusa midomo. Akajifunika kanga usoni, akatoka mbio, akaanguka ngazini. Tangu siku hiyo hajakanyaga kwa Sesilia, hata Sesilia alipojifungua.

"Kanisani nitakuja, ng'wanawane," alimwambia Melania, kama anavyowaita wanawe wote. "Ukumbini unisamehe."

Melania alijua maana yake. Mama akiaibishwa tena, atakuwa amempoteza kama Sesilia alivyompoteza. Ndipo akafikiria kumwajiri mratibu, mtu wa kusimama kati ya mama na kipaza sauti.

"Mratibu wa nini?" aliuliza baba yake mdogo, Maganga, mwenyekiti wa kamati. "Umlipe mgeni aje akuoneshe pa kukaa kwenye harusi yako? Kamati tupo."

"Hata Kahama mlikuwepo, baba."

Maganga alicheka peke yake.

Bwana harusi, Marwa, mchimbaji kutoka Tarime, hakucheka. Kwao pia mama mkwe hachezewi. "Mimi sitanyoosha mkono," alisema.

"Na ukumbi mzima ukipiga kelele?"

Marwa akatia mikono mfukoni.

Mratibu aliitwa Rhoda, naye alikuja Ngokolo kutoka Mwanza akiwa na tabasamu la mtu aliyezoea kamera. "Ondoa wasiwasi, dada. Siku hiyo kazi yako ni kupendeza tu." Mshereheshaji wa Kahama naye alikuwa amemwambia Sesilia aondoe wasiwasi.

Wakiwa bado wanaongea uani kwa Maganga, Marwa akaingia na kreti la soda. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mama yupo. Mbuke alikuwa jikoni, na jiko lile lina mlango mmoja tu.

"Mama!" Rhoda akaita kwa furaha. "Njoo basi umsalimie mkwe!"

Mfuniko wa sufuria ulianguka ndani. Marwa akageukia ukuta na kreti lake mikononi, chupa zikigongana. Moshi wa mkaa ulitoka mlangoni, na nyuma ya moshi Mbuke alikohoa, akakohoa tena, asitoke.

"Umeona?" Maganga akanong'ona. "Huyo ndiye unayetaka kumkabidhi harusi."

Rhoda alitazama mgongo wa Marwa, kisha mlango wa jiko. Tabasamu likamfutika. Akafungua kitenge alichojifunga juu ya gauni, akakishika kama pazia kati ya mlango na ua.

"Shemeji, pita kando ya ukuta. Usigeuke."

Marwa alipotoka, Rhoda aliketi, kitenge mapajani. "Hiyo keki," aliuliza kwa sauti ya chini, "nani atampelekea mama?"

Lilikuwa swali lake la kwanza tangu afike. Kabla yake alikuwa akiahidi tu.

"Shangazi Lusia," Melania akasema. "Na wewe nimekuchukua."

"Kwa hiyo mimi umenivua uenyekiti," Maganga akalalamika.

"Mwenyekiti ni wewe, baba. Ila kipaza sauti kina mlinzi wake."

Mbuke hakuahidi kitu. Alisema tu kwamba akija atakaa karibu na mlango.

Siku ilipofika alikuja, akakaa mlangoni kweli, mkoba mapajani kama msafiri anayesubiri basi. Rhoda alikuwa amemwonya mshereheshaji mara nyingi. Melania hakuonja chakula. Keki ikakatwa, ngoma ikapanda, na mshereheshaji, kwa utamu wa kushangiliwa, akasahau onyo.

"Na sasa, mama mkwe wetu yuko wapi?"

Marwa aliganda na uma mkononi. Melania akamtafuta Rhoda pale alipokuwa amesimama. Hayupo. Vigelegele vikaanza. Mlangoni, mama alikuwa ameshainuka na mkoba wake.

"Mama mkwe, fungua m—"

Spika zikanyamaza. Mshereheshaji akagonga kipaza sauti, akapuliza, akagonga tena, na watu wote wakamgeukia yeye. Nyuma ya spika Rhoda alikuwa amepiga magoti, ameshika waya aliouchomoa.

Shangazi Lusia alipita kando ya ukuta na sahani iliyofunikwa. Wanawake wawili wakainua kanga mbele ya mlango. Melania hakuweza kujua kama nyuma ya kanga mama yupo, au ameshatoka nje. Alisubiri, kisu cha keki kikiwa bado mkononi.

Kanga zikashushwa. Mbuke alikuwa ameketi, uso ameuelekeza ukutani, akijifuta midomo. Mkoba ulikuwa chini ya kiti.