Swali la "umekula?" lilibakisha kidogo linikoseshe kazi ya unesi Likoni

Wakuu, hamjambo humu ndani?

Mimi ni msomaji wa kimyakimya, sijawahi kuanzisha uzi. Lakini leo nisipoandika nitapasuka! Ninayosema ndiyo yaliyotokea, majina tu nimebadilisha, kwa hivyo wale wa "hii ni hadithi ya kutunga" naomba mniache nimalize kwanza.

Mimi ni binti wa Jomvu Kuu. Diploma ya unesi nimemaliza, mtihani wa bodi nimepita, leseni ninayo. Nikadhani kazi itanifuata nyumbani. Thubutu!

Nilizunguka na CV wakuu. Changamwe nimeacha, Kisauni nimeacha, kisiwani ndiyo usiseme. Kila pahali ni "tutakupigia". Simu nikawa naingia nayo hadi bafuni. Wengine wanataka experience ya miaka miwili. Mtu katoka chuoni juzi, hiyo miaka miwili akaiokote wapi?

Huku nyumbani shangazi yangu keshaniandalia safari ya Ghuba, kazi za nyumbani. Si kwa ubaya, watu wamekwenda na wamejenga. Lakini miaka yote ile nimesomea wodi, halafu nikapige deki kwa watu? Nilimlilia mamangu anivumilie nipate interview moja tu. Nikiikosa hiyo, napanda ndege na sitabisha tena. Tukakubaliana hivyo.

Basi simu ikalia. Hospitali ndogo ya binafsi huko Likoni, jina nalihifadhi. Njoo Jumatatu saa tatu asubuhi, nafasi ni moja.

Wallahi nilijipigia kigelegele mwenyewe jikoni, maandazi yakaungua nikiyaona.

Jumatatu tukafika watu watano. Aliyekaa karibu nami alikuwa kijana wa Changamwe, tumwite Kevo, mcheshi, tai yake imefungwa upande. Akatoka Matron, mkuu wa manesi, mama mfupi, miwani puani, hacheki. Akatwambia maswali ya mdomo hana. Kila mmoja atapewa mgonjwa wa kliniki ya presha na sukari, na wagonjwa wenyewe wamekubali. Umpime, umhoji, uandike, umwekee karatasi mezani kwake. Dakika ishirini.

Nikasema moyoni, hapa ndipo pangu!

Mimi nikapewa Bi Mwanasha, bibi wa umri wa nyanyangu, kajitanda mtandio wake vizuri. Nikaingia kama daktari mkuu. Jicho moja kwa mgonjwa, jicho moja kwenye saa.

"Habari, mimi ndiye nesi wako. Unajisikiaje?"

"Alhamdulillah."

"Unaumwa na nini?"

"Sukari, mwanangu. Siku nyingi."

"Dawa umekunywa leo?"

"Nimekunywa alfajiri."

"Na umekula?"

Akatabasamu. "Alhamdulillah."

Nikaandika: amekula. Mashine ya sukari hata sikuiomba, si dawa amekunywa na chakula amekula?

Presha iko sawa. Mapigo ya moyo yanakimbia kidogo, nikasema ni wasiwasi wa hospitali. Mkono una jasho, lakini Likoni nani hana jasho? Dakika kumi na mbili nimemaliza, wa kwanza kutoka! Nikakaa benchini roho kwatu, nawaza saizi ya uniform.

Kevo naye akatoka. Tukaletewa chai na mahamri, kumbe na wagonjwa walikuwa wamepewa. Kevo, mdomo umejaa, akasema, "Siste, yule bibi yako ni noma. Nimeona akiletewa chai mara mbili, hata hajaigusa."

Nikaliweka hamri chini.

Mwanamke wa Kiswahili, saa nne asubuhi, chai na mahamri ya moto mbele yake, asiguse? Na leo ni Jumatatu?

Kwa wasiojua, wazee wetu wengi hufunga Jumatatu na Alhamisi, saumu ya sunna. Na hiyo haitangazwi, ni siri ya mtu na Mola wake. Ukimuuliza kama amekula, uongo hasemi na siri hatoi, atashukuru tu. Nyanyangu ndivyo alivyo, nyumbani huwa tunajua kwa kuona kikombe chake kimekaa kikavu. Sasa huyu bibi kala daku kidogo, kameza vidonge vya sukari, na anataka kukaa hivyo mpaka magharibi! Kevo kutojua, ningesema ni mgeni. Mimi, mtoto wa Jomvu Kuu, limenipita hivi hivi nikiona.

Karatasi yangu iko tayari mezani kwa Matron. Nikisema nimekosea, nimejifelisha mwenyewe. Wakuu sitawadanganya, nilisimama pale mlangoni nikaiona ndege ya Ghuba hii hapa. Nikaingia hivyo hivyo.

"Matron, nilichoandika si kweli. Naomba mashine ya kupimia sukari, sasa hivi."

Akanyanyuka na mashine mkononi.

Nikapiga magoti mbele ya Bi Mwanasha. "Shikamoo, bibi."

Akaniangalia. "Marahaba. Sasa ndiyo waniamkia? Hapo awali ulikuwa wafukuzwa na nani?"

Aibu niliyoona sitaisahau! Nikamwomba radhi, nikamshika mkono, baridi na umelowa. Matron akamtoboa kidole, mimi nikamnong'oneza, "Bibi, leo umefunga?"

Akainamisha kichwa.

Mashine ikasoma 2.4. Kwa wasio wa afya, ikishuka chini ya nne tayari ni shida. Bibi alibakisha kidogo azimie.

Nikamwomba afungue saumu. Akasema magharibi iko mbali. Nikamwambia, "Bibi, hii ni sunna na wewe ni mgonjwa. Mola hakukulazimisha uanguke hapa."

"Haya, lete," akasema. "Hata nguvu za kubishana nawe sina." Akapiga bismillahi, akanywa maji ya sukari mpaka mwisho.

Robo saa baadaye tukampima tena, imepanda. Akala mahamri mawili, na sauti ikamrudi, maana alianza kumcheka Kevo, aliyekuwa akichungulia mlangoni, kwa tai yake.

Matron akatwambia twende, tutapigiwa. Tutapigiwa! Neno lile lile. Nikatoka machozi yananilenga, najua safari imeiva.

Niko kwenye foleni ya feri, simu ikaita.

"Karatasi yako ya kwanza nimeipa sifuri," Matron akasema. "Lakini nesi anayerudi kusema amekosea, mgonjwa akiwa bado hai, huyo simwachi. Jumatano uje na leseni yako."

Nilipiga ukelele, watu wakanipisha njia wakidhani nimefiwa. Nikampigia mamangu. Nilipomwambia alilia, kisha akanikatia simu usoni ampigie shangazi mbio, amwambie mtoto haendi popote.

Nilichojifunza: salamu kwanza, hata kama saa inakimbia. Na mzee wa Pwani usimuulize "umekula?" Muulize umekula nini, na saa ngapi. Na ukikosea, rudi useme kabla mgonjwa hajakwenda.

Haya, wauguzi na madaktari wa humu, ni mimi pekee niliyewahi kupotezwa na "alhamdulillah"? Na wale mnaotafuta kazi bado, semeni mmefika wapi, tupeane moyo. Nitawajibu nyote, lakini si sasa hivi, break yangu imeisha. Mimi ni mtu wa kazi!