Moshi wa Vyumba Sita

Kila asubuhi, kwa miaka miwili sasa, kabla hajafungua gunia la kwanza, Waceke alisimama mlangoni pa kibanda chake cha makaa pale Dagoretti, akaitazama nyumba ndefu ya mabati ng'ambo ya barabara, kisha akaingia ndani na kuchora ukutani kwa kipande cha kaa. Mistari minne, siku nyingine mitano. Nyokabi, binti wa kaka yake, aliyerudi kutoka Makerere mwaka huo wa 1958 na digrii na miwani, aliona ni uzee tu umeanza kubisha hodi.

Nyumba ile ilikuwa na vyumba sita vya kupangisha, na mwenyewe, Ephantus, alikuwa akiiuza shilingi elfu nne na mia tatu. Waceke alikuwa na elfu tatu, jasho la miaka kumi na mmoja ya makaa. Zilizopungua angekopa. Akinunua vibaya, angezeeka na deni.

"Nipigie hesabu," alimwambia Nyokabi.

Nyokabi aliogopa hata kumsalimu muuza maziwa, lakini karatasi hakuiogopa. Alijifungia siku mbili. Vyumba sita mara shilingi ishirini, mara miezi kumi na miwili: elfu moja mia nne na arobaini kwa mwaka. Kabla ya miaka mitatu kwisha, fedha zote zingekuwa zimerudi. Katika karatasi yake mabati hayakushika kutu wala mpangaji hakuugua. Akapiga mstari kwa rula, mara mbili, kwa wino mwekundu. Kuvuka barabara akaulize wapangaji wenyewe hakukumjia akilini. Ama kulimjia, akaona haya.

Jioni ya kuamkia siku ya Ephantus kuja kupatana bei, akaona kibanda hakifai kupokea mgeni. Alichukua ndoo na sabuni, akausugua ukuta mpaka ukang'aa.

Asubuhi Waceke aliingia na kipande chake cha kaa mkononi, akasimama.

"Nimeosha mimi, Tata," alisema Nyokabi kwa fahari. Kwao shangazi huitwa hivyo.

Waceke alikiweka kipande cha kaa juu ya gunia. Aliyecheka ni Tobias, fundi mwashi aliyepanga kule ng'ambo, aliyekuja kununua makaa.

"Dada ya Makerere, umeosha kitabu ya mama. Hiyo ilikuwa moshi yetu. Chumba moja ikipika, mstari moja."

"Lakini vyumba ni sita," alisema Nyokabi.

"Ile ya mwisho imepakana na choo. Huko hata jembe ya Ephantus inalala ikiziba pua."

"Na Desemba, Tobias?" Waceke alimwuliza, taratibu, kama mwalimu anayemvuta mtoto mzito.

"Desemba kazi inafungwa, tunaenda nyumbani. Tunarudi mwezi wa pili. Nani atalipia panya kodi?"

Nyokabi alikwenda nyuma ya magunia na karatasi mpya. Vyumba vitano. Miezi kumi. Shilingi elfu moja kwa mwaka, wala haikuhitaji rula. Hesabu ya miaka miwili ilikuwa imemwagwa mtaroni na maji ya sabuni, na aliyeimwaga ndiye msomi pekee wa ukoo.

Saa kumi Ephantus alikuja amevaa kofia. Nyokabi alisoma karatasi yake kwa sauti.

"Nani amewaambia chumba cha mwisho ni kitupu?" aliuliza Ephantus.

"Miaka miwili sijauona moshi wake," alisema Waceke. "Nakupa elfu tatu."

"Tatu na mia tano, mama."

"Tatu. Au ngoja Desemba, uje tuhesabu moshi pamoja."

Ephantus aliivua kofia, akaitazama ndani kama aliyesahau kitu humo. Mwishowe akaunyoosha mkono. Waceke akaushika.

Alipokwisha kwenda zake, Nyokabi alijikaza akauliza swali alilokuwa nalo tangu asubuhi.

"Tata, mbona hukunikaripia nilipouosha ule ukuta?"

"Ulikuwa mchafu," alisema Waceke.