Mgongo wa Koplo Selina

Koplo Selina alikuwa amepewa miezi mitatu tu. Siku ya majaribio asipoweza kumbeba mwenzake mabegani mita mia moja, anatolewa platuni na kupelekwa stoo kupanga mablanketi. Stoo jamani! Yeye, binti wa Sengerema, aliyekuwa akipanda vilima vya mawe vya kwao na begi la kilo ishirini bila hata kutweta! Wazo hilo lilimuuma kuliko mgongo wenyewe.

Na mgongo huo aliuficha mwaka mzima. Jeshini ukionekana zahanati mara mbili unaitwa doja, mkwepa kazi, na jina hilo halikutoki. Basi akawa anajikaza kiuno kwa khanga ndani ya kombati, anabeba masanduku ya risasi, anatabasamu. Mpaka asubuhi moja akainama kufunga buti, akashindwa kuinuka. Koplo Mayala, pande la mtu, akacheka mbele ya watu: "Doja mpya huyo!" Siku hiyohiyo ofisa wa platuni akampa ile miezi mitatu, akamtuma zahanati.

Kwenye zahanati ya kambi alimkuta Sajenti Dorcas, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Dorcas alimkalisha kwenye benchi, akambana nyonga kwa mkanda zisitikisike, akamzungushia kifuani mpira wa tyubu ya baiskeli uliofungwa kwenye nguzo mbele yake.

"Sukuma nyuma polepole. Kazi ifanywe na kiuno, si miguu."

Mara kumi na mbili tu, Selina jasho likamtiririka.

"Basi. Rudi Jumanne ijayo."

"Mara moja kwa wiki, afande?"

"Mara moja. Msuli unajengeka ukipumzika."

Thubutu! Tangu depo, kwenye mafunzo ya kuruta, Selina alizoeshwa kwamba ukiamriwa pushapu ishirini, unapiga arobaini. Akatafuta tyubu yake, akawa anajifungia bwenini kila jioni kulirudia zoezi. Wiki ya tatu kiuno kikakakamaa kama ubao. Akaenda kukiri, aibu imemjaa.

"Mwili haupigi saluti, koplo," Dorcas alifoka. "Lete hiyo tyubu."

Akaitoa. Kukaa bure siku sita kulimtesa kweli, lakini alishika amri: Jumanne hadi Jumanne, na kila alipouzoea mpira, Dorcas akaongeza mwingine.

Siku ya majaribio akapangiwa kumbeba nani? Mayala! Kilo themanini na ushee. Selina akachuchumaa, akamweka mabegani, akainuka. Kufikia mita ya sitini mapaja yalikuwa yanawaka moto, ila kiuno kimetulia.

"Niteremshe, Selina, utavunjika," Mayala akanong'ona.

"Majeruhi hasemi."

Akavuka mstari, akamshusha taratibu, akasimama wima. Ofisa akatangaza kwamba anabaki platuni. Selina akalia waziwazi, wala hakujali nani anamtazama.

Mayala hakuinuka upesi. Alishika kiuno kwanza, akakunja uso, akaangaza huku na huku.

"Huyo Dorcas wako," akauliza chini chini, "zahanati yake ina mlango wa nyuma?"

"Ina wa mbele," Selina akamjibu.