Mtandao wa misaada ulitangaza nimekufa, nikawakuta Kasulu wanamaliza msiba wangu

Nilipewa habari ya kifo changu nikiwa nachambua maharage.

Mama mmoja, jirani yetu wa zamani Burundi, aliyetoka kambi za Kasulu kumtembelea binti yake alipita mbele ya jiko letu kule Kibondo. Akanitazama, kitenge kikamdondoka. "Yampayinka," akashangaa kwa Kirundi, "Konsolata, si tulikulilia wewe?"

Nikadhani ana homa.

Akasema kaka yangu Melkiori aliweka msiba. Akasema mama yangu tangu siku hiyo anakunywa maji tu, ukimpa chakula anageuza uso.

Wakuu, mimi nilikuwa najua mama na Melkiori walikufia njiani tulipokimbia. Kwa pumzi moja nikapewa mama mzima, na kwa pumzi hiyohiyo nikaambiwa anaisha kwa ajili yangu. Vita niliiona, lakini siku ile iliniuma kuliko vita.

Heshima kwenu wote humu ndani. Nimesoma darasa la tatu, mnivumilie mwandiko. Ila hii si chai, na majina nataja.

Turudi nyuma kidogo.

Ilikuwa miaka ya tisini, vita vya Burundi vimetumwaga upande huu. Nilikuwa napika kwenye kikundi kidogo cha misaada hapo kambini. Kazi yao ilikuwa kuchimba vyoo na kugawa sabuni kwa wazazi waliojifungua. Katibu alikuwa Evarist, mtu wa Kumsenga, sauti nzuri, shati jeupe kila siku. Mpiga picha wake anaitwa Tarsisi.

Siku hizi intaneti mnalala nayo. Wakati ule kompyuta ilikuwa kwenye ofisi ya shirika kubwa, inaongea na dunia kwa simu ya setilaiti, sahani yake kama ungo. Evarist alikuwa anaomba kuitumia.

Kulikuwa na mtandao wa habari wa mashirika ya misaada. Ukiwa memba unapata habari za memba wenzako: wapi daraja limekatika, wapi kuna kipindupindu, wapi watu wapya wamevuka mpaka. Evarist alizichapa akazibandika mlangoni. Nisiwe mwongo, zilisaidia sana. Na yeye aliona raha. Akisalimiwa anajibu, "Sisi ni memba."

Lakini memba na yeye lazima apeleke habari. Ukikaa kimya wanakutoa.

Na vyoo, wakuu, havina habari. Choo kikishachimbwa kimechimbwa.

Basi malaria ikanikamata. Wanaume wakanibeba kwa ngobyi, ile machela yetu ya kusukwa, kunipeleka hospitali. Tarsisi akapiga picha. Evarist akaniuliza jina langu kamili na mlima niliotoka, nikajibu kwa homa. Nikafikiri ananihurumia.

Nikapona, nikarudi jikoni.

Ndipo akaandika kwamba nilifia njiani kwa kukosa gari, na nimezikwa hukohuko Kibondo. Najua aliandika baada ya mimi kupona, kwa sababu siku hiyo alikuwa mezani kwake anaandika huku anakula maharage yangu. Nilimwongezea na chumvi. Alikuwa anaandika kwa Kizungu, ningejuaje?

Sasa Kasulu kulikuwa na kikundi kingine, memba kama sisi. Karani wao alikuwa anasimama Jumapili baada ya misa, anasoma zile habari kwa sauti, anazigeuza Kirundi. Akasoma jina langu. Akasoma na mlima. Kwetu Burundi mlima ndio kijiji, na mtu ni mlima wake, huwezi kumchanganya na mwingine.

Melkiori akajua ni mimi. Walinipata na kunipoteza katika sentensi moja.

Nilipoyasikia haya kwa yule mama nikaenda moja kwa moja kwa Evarist, mikono ina maganda ya maharage.

"Katibu, umeniua?"

"Usiongee hivyo, mama. Ile ni stori tu. Imetusaidia sote."

"Basi tuma nyingine. Konsolata yuko hai. Maneno matatu. Karani wa Kasulu ayasome, mama yangu aliyegoma kula ale."

Akavua miwani, akaifuta. "Nikitangaza umefufuka tutaonekana waongo. Watatutoa uanachama, wafadhili watatukimbia. Unataka wazazi wakose sabuni kwa ajili ya maneno matatu?"

Tarsisi akadakia, "Kwani ukiwa marehemu unapungukiwa nini? Chakula si unakula?"

Wakacheka. Hicho kicheko nimekaa nacho mpaka leo.

Yule mama wa Kasulu, aliyenifuata hadi pale, akanivuta mkono. "Twende tukawaonyeshe kwa macho. Jumapili wanaganduka."

Kwa wasiojua: kwetu msiba haufungwi siku ya kuzika. Mnakaa nao, halafu mnapanga siku ya kuganduka. Pombe ya mtama inapikwa, ndugu wote wanakuja, marehemu anasifiwa, watu wanakunywa, na baada ya hapo maisha yanaendelea. Ikishapita hiyo, umeshaachwa.

Mkimbizi haruhusiwi kutembea bila kibali. Nikaenda ofisi ya kambi.

"Sababu ya safari?" mkuu akauliza.

"Msiba."

"Wa nani?"

"Wangu."

Akaniangalia sana. Nikamweleza yote. Mzee yule alicheka mpaka akashika meza, akagonga muhuri, akasema, "Nenda mama, usichelewe kujizika."

Tulipanda lori la mabomba ya maji. Vumbi la ile njia mnalijua, nilifika mwekundu kama tofali.

Na huko turubai limefungwa, watu wamejaa. Chungu katikati, mirija imesimama. Melkiori amenyanyuka anaongea juu yangu.

Sikuingia. Nilisimama nyuma ya turubai nikatega sikio. Nani anapata bahati ya kusikia sifa zake?

"Konsolata alikuwa mkali," anasema, "ulimi kama kiwembe. Lakini alikuwa na mkono wa kutoa. Hata ile mbuzi ya baba alipoipoteza, nilimsamehe."

Hapo nikashindwa.

"Melkiori," nikasema, "ile mbuzi uliiuza wewe. Waambie na hilo."

Wakuu, watu walitawanyika kama kuku. Mlevi mmoja alibaki ameng'ang'ania mrija, anasema pombe ameichangia na haondoki, mzimu au si mzimu. Melkiori alikaa chini palepale. Kilichomtoka kinywani ni, "Niliiuza. Ni kweli niliiuza."

Mama peke yake hakushtuka. Alikuwa amekaa mkekani, mdogo, mifupa tu. Akaniita kwa kidole. Akanishika miguu, akapitisha kiganja, akakitazama.

"Mzimu hauna vumbi," akasema. "Mwana wanje, umekuja kwa lori?"

"Ego, mama. Kwa lori."

Akaniegemea. Hakulia. Akasema, "Nina njaa."

Nilimlisha kwa mkono wangu, maharage ya msiba wangu mwenyewe. Akamaliza, akaomba tena.

Watu wakarudi mmoja mmoja, wananigusa. Baba mdogo akauliza, sasa huu msiba tunaufanyaje, hauna marehemu? Mama akajibu akiwa na tonge mdomoni, "Pombe imeiva. Mpeni mrija."

Nikanywa kwenye chungu changu. Ikachezwa ngoma pale mpaka vumbi likapanda. Na kwa sababu kuganduka kunakusanya ukoo, walikuwepo binamu na shangazi kutoka kambi zote, watu ambao hakuna aliyejua wako wapi. Uongo wa Evarist ndio uliotukutanisha. Sijawahi kucheka vile, kabla wala baada.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo. Akikasirika ananiambia, "Nyamaza wewe marehemu." Mimi nikaolewa na Muha, nalima Nyakitonto, wajukuu wananipanda kichwani.

Funzo langu ni dogo: ukisikia mtu amekufa mtandaoni, mtafute marehemu kwanza umuulize.

Na wewe uliyewahi kuzikwa na watu ukiwa hai, tuambie hapo chini ulifanyaje, tucheke pamoja.

Lakini Evarist hapana, hatucheki naye bado.

Kaka Evarist, nasikia uko Kakonko, na humu uzi wa wengine unachangia. Tarsisi naye yupo. Usiniambie ulitukutanisha, hukukusudia. Wewe ulijua mama yangu hali chakula, nilisimama mbele yako nikakwambia, ukaulinda uanachama. Asingefika yule mama na kitenge chake, mama yangu angekufa kwa njaa akimlilia mtu anayekupikia.

Ile habari hukuifuta. Kwa memba wote waliokuwa kwenye mtandao ule, mimi niko kaburini Kibondo.

Kwa hiyo ujibu hapa, mbele ya watu. Sitaki maelezo wala samahani ndefu. Anza na yale maneno matatu uliyokataa kuyatuma.